Mrejesho: Tanga mpaka Ziwa Natron kwa Noah

Wadau, mwezi wa sita niliwauliza kama Noah inaweza kututoa Tanga ikatufikisha Ziwa Natron. Wengi mlisema inafika, ila nibebe spea mbili. Nilibeba moja. Kiburi tu.

Segera, Same, Moshi, Arusha hadi Mto wa Mbu sina la kusimulia, lami tupu. Shughuli ilianza tulipoiacha lami kuelekea Engaruka: vumbi laini kama unga wa muhogo, na chini yake mawe meusi ya volkano yenye makali. Pancha ya kwanza tukabadilisha tairi. Ya pili ilitukuta tumeshaipita Engaruka, saa nane mchana, Ol Doinyo Lengai mbele yetu, simu hazishiki.

Akatokea kijana wa Kimasai na pikipiki. Akalifunga tairi nyuma kwa mipira, akarudi nalo Engaruka kuliziba. Shemeji akanong'ona, "Ndo limeondoka hilo." Magharibi tukasikia mlio wa pikipiki.

Alipokea hela ya mafuta na ya fundi tu, basi. Tukamfungulia kiroba cha machungwa ya Muheza. Akaligeuzageuza moja, kijani kibichi. "Haya hayajaiva." Shemeji akamkatia. Alikula sita, la saba akatia mfukoni.

Natron tulifika, heroe tukawaona. Ila kila Ijumaa yule kijana na shemeji wanapigiana simu. Desemba anakuja kuiona bahari Raskazone, na kaniuliza kama yale machungwa ya kijani yatakuwa bado yapo sokoni.