Uozo mweusi wa kabichi: mbegu ile ile, matokeo tofauti

MkulimaLushoto:
Ndugu zangu, nalima kabichi huku Lushoto. Msimu uliopita, aina chotara niliyoambiwa dukani kuwa inastahimili uozo mweusi ilipata manjano ya umbo la V pembezoni mwa majani na vishipa vikawa vyeusi, ilhali kwa jirani yangu, ng'ambo ya bonde, aina hiyo hiyo ilifunga vizuri. Je, yawezekana bakteria wa kwangu si wale wa kwake?

Mtafiti_Mimea:
Yawezekana. Bakteria wa uozo mweusi, Xanthomonas campestris pv. campestris, wamegawanyika katika mbari zinazotambuliwa kwa namba, kulingana na mimea ya jamii ya kabichi ambayo kila moja huweza kuishambulia. Mbari 1 na 4 ndizo zilizoenea zaidi duniani, na huku Afrika Mashariki zimo. Mmea wenye kinga huitambua protini fulani ya bakteria na kuzuia maambukizi. Kinasaba cha protini hiyo kikibadilika au kupotea, bakteria hupita bila kutambuliwa. Kabichi, ambayo jenomu yake (seti yake nzima ya vinasaba) huitwa C, ni nadra kuwa na kinga imara dhidi ya mbari hizo mbili. Kinga dhidi ya mbari 1 hutafutwa zaidi kwenye jenomu B, iliyomo ndani ya loshuu, mboga ambayo watu wa Arusha wanaijua vyema.

BwanaShamba_Mstaafu:
Nakubali, ila tusiharakishe. Alama za vinasaba zinazoonekana maabara hazilingani daima na mbari: bakteria wawili wanaweza kutofautiana sana kwa alama hizo na bado wakawa mbari moja. Isitoshe, neno «inastahimili» kwenye pakiti halina maana ya kinga kamili. Bakteria huingilia vitundu vya ukingoni mwa jani, pale matone yanapotokeza alfajiri, na maji yanayoruka huwahamisha kutoka mche hadi mche. Je, unamwagilia vipi? Na miche ulitoa kitalu kimoja na jirani?

MkulimaLushoto:
Mimi narushia maji juu ya majani kwa mpira, yeye anatumia mifereji. Miche yake aliiotesha mwenyewe, yangu niliinunua.

BwanaShamba_Mstaafu:
Basi, ndugu yangu, anza na hayo mawili. Ukiotesha mwenyewe, mbegu ambazo hazijapakwa dawa zichovye katika maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 25, ukishika kipimajoto mkononi, kwa sababu joto likizidi hazitaota. Dalili zikirudi hata hivyo, peleka majani mabichi yenye ugonjwa maabara, ya kwako na ya jirani, kila moja katika mfuko wake.