Futur proche, futur simple au present tu: nianze na ipi Kifaransa cha kazini?

karafuu_znz
Habari za leo wakuu. Mi natembeza wageni Stone Town na mashamba ya viungo, Wafaransa ndo wengi kwangu, na kila siku nalazimika kuwaambia kesho tunaenda wapi, saa ngapi, tutaona nini. Nimekutana na njia tatu za kusema kitu kilekile, nous allons visiter (futur proche), nous visiterons (futur simple), halafu na demain on visite (present, na demain ya kesho). Kukariri zote muda sina na mwaka huu nataka nikakae mtihani wa DELF A1, ule wa cheti cha Kifaransa ngazi ya kwanza. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi?

ubao_na_chaki
Mkuu futur proche, wala usiumize kichwa. Unakariri kitenzi kimoja tu, aller ya present: je vais, tu vas, il va, nous allons, vous allez, ils vont. Kinachofuata hakiguswi, kinabaki vilevile kilivyo kwenye kamusi, manger, finir, prendre, être, chochote. Je vais prendre, ils vont être. Futur simple sasa, unaambiwa ni rahisi, chukua kitenzi bandika -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont, sawa, ila vitenzi unavyovihitaji kila siku ndo hivyohivyo vimejibadilisha shina: être inakuwa ser-, avoir aur-, aller ir-, faire fer-, voir verr-, venir viendr-. A1 inatosha futur proche, futur simple utakutana nayo zaidi A2. Na pasi ni 50 kwa 100, ila usishuke chini ya 5 kati ya 25 kwenye sehemu yoyote kati ya zile nne (kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea), wengi hilo hawaliangalii.

kivu_mtoto
Kaka nakuongezea kutoka Bukavu, kwa mdomo achana na nous kwanza, sema on, ndo "sisi" ya maongezi. On va partir, on va manger, inachukua va ileile ya il, kwa hiyo umeshapunguza mzigo. Hiyo present nayo usiidharau, kama ratiba imeshapangwa watu wanasema tu demain on part à huit heures na ni Kifaransa safi kabisa. Shida yake inategemea neno la muda, ukisahau demain ukasema on visite la ferme, mgeni anaanza kuvaa viatu sasa hivi 😂

karafuu_znz
Hahaha. Sasa on va aller mbona naona kama nimerudia kitu mara mbili? Inasemwa kweli?

kivu_mtoto
Inasemwa kila siku, on va aller au marché. Hata je vais y aller, ukiwa unaaga.

nyali_kwetu
Mi nabisha kidogo hapa. Mnamwambia aishie futur proche halafu atakwama kwenye meseji na emaili za wateja, ukiandika le chauffeur vous attendra à 8 heures inakaa kiofisi zaidi. Na maana zenyewe haziko sawa kila mahali: elle va avoir un bébé, huyo mimba anayo tayari, elle aura un bébé, huyo ni siku moja huko mbele, labda hata mchumba hana. Kingine ni quand, yaani "wakati" au "pale". Sisi tunasema utakapofika, -ta- imo, na Kifaransa hivyohivyo, quand vous arriverez, appelez-moi. Lakini ikinyesha haina -ta-, na neno "si" la Kifaransa (yaani "kama") nalo halitaki future: s'il pleut, on va rester à l'hôtel. Fuata Kiswahili chako hapo, waliopitia Kiingereza ndo wanateseka na hiyo quand.

ubao_na_chaki
Hiyo ya utakapofika nimeipenda, naiiba kwa darasa langu. Ila dada bado nasimamia proche kwanza, simple ije baadaye. Karafuu, shika haya matatu maana ndo yanayokata maksi. Kukanusha, ne na pas zinaibana aller: on ne va pas manger, siyo on va manger pas. Vous, les, le na wenzake wanakaa katikati: je vais vous attendre, on va les voir, vous allez vous lever tôt. Na kuandika, manger, mangé na mangez masikioni ni kitu kimoja, ukipata wasiwasi weka vendre mahali pake, hakuna atakayesema je vais vendu, basi andika -er.

baridi_montreal
Huku Québec wakikanusha wanapenda kurudi kwenye simple, je partirai pas, na mtaani utasikia m'as partir badala ya je vais partir. Usipeleke hiyo kwenye mtihani tu.

karafuu_znz
Asanteni sana. Nisahihishieni hii ya kesho basi: Demain on va aller à Changuu, on va voir les tortues géantes, on ne va pas manger là-bas, on rentre à midi. S'il pleut, on va attendre un peu.

ubao_na_chaki
Iko sawa yote mkuu. Ila ukiwa unawaambia wao peke yao, wewe unabaki kwenye boti, ni vous allez voir les tortues.