Tableti mpya au laptopu ya ex-UK? Mfuko una 40,000

Karani wa Shimanzi (Jumapili, saa 3 usiku)

Assalaam alaykum, na habari za jioni wana-Pwani. Nimezunguka Moi Avenue na Digo Road jana na juzi mpaka viatu vimeomba msamaha. Nina shilingi 40,000, kifaa kimoja tu, na nimeshindwa kuamua.

Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Asubuhi niko ofisini Shimanzi, mchana niko kwenye yadi ya makontena napiga picha za sili (lakiri za milango) na namba, jioni niko kwenye feri narudi Likoni. Katikati ya hayo yote ni PDF juu ya PDF: hati ya shehena, ankara, orodha ya mizigo, risiti. Simu imekuwa ndogo kwa macho yangu, na kompyuta ya ofisi haitoki ofisini.

Nilizoziona ni tatu: tableti mpya ya Android ya inchi 11 na kibodi yake ya kubandika, iPad ya mtumba, na laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza. Roho yataka tableti kwa wepesi wake. Lakini binamu yangu asema tableti ni simu iliyovimba, kioo kimekuwa kikubwa na mfumo ni ule ule wa simu. Ni kweli, au ni maneno ya mtu aliyenunua vibaya?

Fundi wa Mwembe Tayari

Binamu yako hajakosea, ila hajamaliza. Chuma si tatizo tena. iPad Pro ya 2021 ilitiwa chipu ya M1, hiyo hiyo iliyo kwenye kompyuta za Mac. Nguvu ipo. Kinachokubana ni mfumo endeshi. Kila programu imefungiwa chumba chake, haiingii cha jirani. Ukiiweka nyuma kidogo, ukahamia nyingine, mfumo waweza kuizima ili kuokoa chaji na memori. Kwenye laptopu unaweza kuacha kazi yaendelea, ukaenda kuswali, ukarudi ukaikuta imekwisha.

Mimi kwa 40,000 natafuta laptopu ya ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5. Na namba uzisome vizuri, hapo ndipo watu hupigwa. Windows 10 ilikatiwa masasisho Oktoba 14, 2025, na Windows 11 yataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele. T470 na T480 kwa macho ni mapacha, lakini T470 haifiki kizazi hicho. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, fungua maelezo ya mfumo, uone i5 inayofuatwa na 8, si 7 wala 6. RAM na diski za T480 twabadilisha hapa kwa bisibisi. Tableti ya 64GB unaweza kuiongezea kadi ya memori kama ina tundu lake, basi. RAM yake utazeeka nayo.

Bi Piko

Fundi, mtu akikuuliza lolote jibu lako ni ThinkPad. Juzi kuna aliyeuliza blenda.

Mimi nachora hina na piko za maharusi, mwaka wa saba huu. Zamani nilichora kwenye daftari, napiga picha, natuma, bi harusi asema "hilo ua lipunguze," naanza upya. Sasa nampiga picha mkono wake, naifungua kwenye tableti, nachora kwa kalamu juu ya mkono wake mwenyewe akiwa amekaa mbele yangu. Twafuta, twaongeza, mama mkwe naye atia neno lake, mpaka wote waridhike. Hiyo laptopu ningeiweka wapi, mapajani pamoja na bakuli la hina? Nikishaingia kwenye programu ya kuchora sina haja na nyingine, kwa hiyo vyumba vyenu hivyo vilivyofungwa havinisumbui.

Ila karani sitamdanganya. Video ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikuwa nahariri video fupi ya harusi, nikaanza kuitoa iwe faili kamili, mteja akapiga, nikahama programu dakika mbili nikamwangalizia tarehe. Narudi naikuta imesimama, anza mwanzo. Tangu siku hiyo nikiitoa video naiweka tableti mezani kama yai, na hakuna ruhusa mtu kuigusa.

Fundi wa Mwembe Tayari

Bi Piko, kama ni iPad, angalia kama yapokea iPadOS 26, mfumo wa iPad wa 2025. Apple wameongeza madirisha ya kusogeza kama ya kompyuta, na kazi ndefu kama hiyo ya video zaweza kuendelea nyuma, programu yenyewe ikiwa imetengenezewa hivyo. Blenda sijui.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, kisa hiki nimekitazama tangu mwanzo wake. iPad ya kwanza, 2010, ilitumia mfumo wa iPhone. Kuchomeka flashi na kusoma faili zake kulikuja 2019. Kipanya cha kawaida, 2020. Na kikokotoo? Kikokotoo cha Apple wenyewe kilifika 2024. Miaka 14! Muuza samaki wa Kongowea anacho cha bei ya andazi na kinafanya kazi kikiwa na magamba.

Microsoft nao 2012 walileta Surface RT. Ukiitazama ni Windows, ukiigusa ni Windows, ukitaka kutia programu zako za Windows ulizozoea, hazikubali. Mwaka uliofuata waliandika hasara ya dola milioni 900 kwa ajili yake. Aliyenunua tableti akijua ni tableti hana ugomvi na mtu. Ugomvi huanza pale alipoambiwa dukani kwamba amenunua kompyuta, na kibodi ya kubandika hiyo ndiyo inayomaliza kumpumbaza.

Lakini pia tusiwe wakali. Sensa ya 2019 Kenya nzima ilihesabiwa kwa tableti. Fomu moja, programu moja, karani amesimama mlangoni kwa mtu. Nani angebisha hodi usiku na laptopu mkononi?

Mwanafunzi wa Tudor

SPSS, programu ya takwimu, haina toleo la tableti. AutoCAD, ile ya michoro ya ujenzi, ya tableti ni ya kufungua mchoro na kurekebisha vitu vidogo. Mimi yangu niliiuza muhula wa pili.

Ummu Salma

Shikamoo Nahodha. Nami niseme la nyumbani, maana hapa kila mtu azungumzia kazi.

Laptopu ya mume wangu ilipelekwa saiba, ikachomekwa flashi ya mtu, ikarudi na virusi, kila folda imegeuka shotikati isiyofunguka. Picha za arusi ya mdogo wangu zilikaa kwa fundi wiki mbili. Tableti ya watoto ni mwaka wa nne sasa na haijaleta balaa hilo, kwa sababu mtoto akibonyeza ovyo haingii kitu kisichotoka dukani kwake. Nyinyi mwaita kubanwa. Mimi nalala. Stima ikipotea naichaji kwa pawabenki. Haina feni ya kuvuta vumbi na unyevu wa chumvi, na sisi tuko karibu na bahari, misumari yenyewe yaota kutu ukutani.

Na kama kifaa kitatumiwa na watu kadhaa nyumbani, Android iliruhusu watumiaji wengi kwenye tableti tangu 2012, kila mmoja na skrini yake na nenosiri lake. Angalia kwenye mipangilio kabla ya kulipa, kuna watengenezaji huiondoa. iPad ya nyumbani ni ya mtu mmoja, wanangu walikuwa wakinijibia meseji za dada yangu.

Karani wa Shimanzi

Ahsanteni sana. Basi nimezidi kuchanganyikiwa. Bi Piko ana haki, Fundi ana haki. Kazi yangu si kuchora wala si SPSS. Ni makaratasi. Makaratasi nayo yataka kompyuta?

Mzee wa Kilindini

Ndugu Karani, kazi yako nimeifanya miaka mingi, na miwili katika hiyo nilitembea na tableti tu. Nitakwambia nilivyoiona.

Yadini tableti haina mpinzani. Kwa mkono mmoja unapiga picha ya sili, unachanganua hati kwa kamera, unatia sahihi kwa kidole, na mteja Nairobi amepata yote kabla dereva hajamaliza chai. Laptopu utaiweka juu ya nini, boneti ya lori? Kusoma PDF ndani ya feri pia, nimesimama, begi kifuani, hakuna shida.

Shida ni mahali padogo. Mifumo ya forodha ni ya wavuti, hufunguka kwa brauza. Lakini tableti yangu ilikuwa na memori ndogo. Najaza ukurasa, nahamia kwenye PDF kuangalia uzito, narudi, ukurasa umejipakia upya na nilichojaza hakipo. Nikaanza kuandika namba kwenye kiganja kwa kalamu, mtu mzima mimi, kama mtoto anayeibia mtihani.

Halafu Excel. Excel ya Android na ya iPad haiendeshi makro, zile programu ndogo zilizotiwa ndani ya faili. Jedwali la kawaida utalifungua vizuri, lakini faili yenye vitufe vya kubonyeza ikatengeneza kitu, vitufe vyaonekana tu. Fomu ya Excel ya ritani ya iTax, mfumo wa kodi wa KRA, ni ya namna hiyo: wajaza, wabonyeza ihakikiwe, ndipo inakutolea faili la zip la kupakia. Kila Juni inapokaribia tarehe 30 nilikuwa nakwenda saiba na tableti yangu ya maelfu kwapani, nalipia kompyuta kwa dakika.

Jingine hawakwambii dukani. Word na Excel za Microsoft kwenye tableti, kioo kikizidi inchi 10.1, kuhariri kwataka usajili wa kulipia. Hiyo yako ya inchi 11 imo. Google Docs ipo, ni kweli, lakini bosi akituma barua yenye jedwali la kuunganishwaunganishwa, mistari hurudi imetawanyika. Na printa: iPad huongea na printa zenye AirPrint, njia ya Apple ya kuchapisha bila waya. Ile kongwe ya waya iliyo kwenye kona ya kila ofisi Shimanzi, hakuna programu ya kuiendesha utakayoitia.

Kwa hiyo kazi unazoweza kuzifanya kwenye tableti usizihesabu, ni nyingi, zitakudanganya. Shika daftari wiki moja uandike kila mara unapolazimika kukaa mbele ya kompyuta ya ofisi au ya saiba, na kwa sababu gani.

Fundi wa Mwembe Tayari

Mzee amesema. Mimi naongeza la iPad ya mtumba kwa sababu naona watu wanalia kwenye meza yangu. Air 2 ya 2014 iliishia iPadOS 15, na programu mpya nyingi zimeshaiacha. Kioo chang'aa, betri yasemekana nzuri, lakini duka la programu lakwambia hapana. Usilipe kabla hujaifuta mbele ya muuzaji na kuianzisha upya. Ikidai akaunti ya mwenye awali, iache hapo hapo, mimi siifungui na atakayekwambia aifungua yuala pesa zako. Ikiandika kwamba yasimamiwa na shule au kampuni ya ng'ambo, iache pia.

Karani, kama uzito ndio wasiwasi, kuna ThinkPad X280. Inchi 12.5, kilo moja na kitu, kizazi cha 8, yachaji kwa USB-C. Kasoro yake RAM imelehemiwa, haiongezwi, kwa hiyo usikubali ya 4GB hata akupe na begi.

Bi Piko

Nilijua itaisha kwa ThinkPad.

Karani wa Shimanzi (Jumapili iliyofuata)

Nimerudi na daftari. Siku tano za kazi. Kompyuta ya ofisi au ya saiba nimeikalia mara 11. Mara tano ni kujaza kurasa za wavuti huku nimefungua hati mbili kando. Mara nne ni faili za Excel za bosi, tatu kati yake zina vitufe alivyosema Mzee. Mara mbili ni kuchapisha kwenye hiyo printa ya kona, inayotoa mstari mweusi pembeni tangu nimeajiriwa.

Nilipoona hivyo nikaenda Jumamosi nikachukua X280 ya 8GB, 27,500 baada ya kuvutana mpaka adhuhuri. i5-8350U, nimeisoma mwenyewe mara mbili. Kwenye feri jana niliifungua mapajani nikamaliza ankara kabla ya kufika ng'ambo, jirani yangu akawa anasoma pamoja nami.

Yadi bado inaniuma. Leo nimepiga picha kwa simu na kusoma namba za kontena kwa kukunja macho juani. Nimebaki na kitu kidogo mfukoni. Kuna mwenye tableti ya inchi 8 ya kuuza? Ya kamera na PDF tu, haja nyingine sina. Na kwa inchi 8 hata Word haitanidai usajili.

Ummu Salma

Ninayo. Android, inchi 8, kioo kina ufa pembeni lakini haukati kidole. Watoto wamehamia kubwa. 6,000 pamoja na kifuniko chake cha mpira. Niko Bombolulu.

Karani wa Shimanzi

Dadangu, kwa ufa huo 4,500. Nije kesho baada ya alasiri?

Ummu Salma

5,000 na uje na mahamri ya watoto.