Naomba ushauri: kifuniko cha bawaba kwa tyubu za asali

Wakuu habari, niko Tabora mjini napaki asali kwenye tyubu laini za kuminya, sasa nataka nichongeshe moldi (kalibu ya kumiminia plastiki) ya kifuniko changu, kile cha kufungua kwa kidole gumba. Najua malighafi ni polipropilini, aina ya plastiki, maana inavumilia kukunjwa kila siku, na pale kwenye mkunjo unene uwe kama milimita 0.3 hivi, na wakati wa kumimina, plastiki iliyoyeyuka ipite ikiukatiza mkunjo.

Kinachonichanganya ni tundu. Asali yetu nzito, nikiweka dogo haitoki na ikiganda ndo balaa kabisa, nikiweka kubwa inachuruzika mpaka sisimizi wanakuja kudai mgao wao. Halafu kile kipini cha ndani ya kifuniko kinachoziba tundu kibane kiasi gani ili isivuje kwenye basi? Na msiniambie nirudi kwenye chupa za maji, hizo zimejaa soko zima.