Mtaalamu wetu wa macho ya mbwa sasa amevuka mpaka

Ndugu wanajukwaa, jina lake sitalitaja, kwa kuwa nyote mnamjua. Leo, mbele ya wafugaji wote, amemfunua kope mbwa wangu wa aina ya haski mwenye jicho moja la buluu na jingine la kahawia, kisha akatangaza kwa sauti ya kuamsha wafu kwamba mama yake alizurura usiku. Alizurura! Tangu 2018 imejulikana kwamba ubuluu wa macho ya haski unahusiana na kipande cha kromosomu ya 18, karibu na jeni ya ALX4, ambacho kimejirudia, na kwamba nakala moja tu kutoka kwa mzazi mmoja yaweza kuleta jicho la buluu, moja au yote mawili. Mzazi huyo si lazima awe amezurura popote. Lakini bwana yule, kope ya mbwa wangu ikiwa bado mkononi mwake, akarudia tena: alizurura!

Mchangiaji wa 1: Pole sana. Huyohuyo aliniambia kwamba macho ya kaharabu ya mbwa wangu wa rangi ya chokoleti ni dalili ya ini bovu, ilhali jeni iliyogeuza weusi wa manyoya yake kuwa hudhurungi ndiyo iliyopunguza weusi wa macho.

Mchangiaji wa 2: Mleta uzi, unalalamika kana kwamba kope iliyofunuliwa ni yako. Mbwa mwenyewe alisemaje?

Mleta uzi: Alimlamba mkono, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mchangiaji wa 3: Afadhali yako. Mimi niliuziwa mtoto wa mbwa wa wiki tatu kwa ahadi ya macho ya buluu ya kudumu, wakati watoto wa mbwa kwa kawaida hufungua macho yakiwa na ubuluu kabla melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, haijaongezeka. Sasa ni ya kahawia tupu.

Mchangiaji wa 4: Hayo ni madogo. Yupo anayepandisha merle kwa merle, yaani mbwa wenye jeni ya manyoya ya mabaka-mabaka, ili apate macho ya buluu, ingawa watoto wanaorithi nakala mbili za jeni hiyo wamo katika hatari kubwa ya uziwi na kasoro za macho.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye suala la kope.

Mchangiaji wa 3: Subiri kwanza. Huyo wa merle, je, huuza watoto wakiwa na wiki tatu?

Mchangiaji wa 4: Ndiyo, na hukataa kabisa wapimwe masikio.

Mchangiaji wa 3: Basi ni yeye! Mchangiaji wa 4, tuwasiliane faragha.