Maji ya kisima cha nyumbani: kalamu ya TDS, vijiti vya rangi au maabara?

Kisima_Chetu: Wakuu, habari zenu. Tuna kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kimejengewa na kina mfuniko wa zege. Maji ni maangavu, hayana harufu. Sasa kuna mtoto mchanga anayetumia maziwa ya kopo, na nataka kujua hasa tunachokunywa. Nimeona njia tatu: kalamu ya TDS, vijiti vinavyobadilika rangi, na kupeleka sampuli maabara. Ipi inatosha? Na kama nachemsha, kuna haja ya kupima?

FundiPampu: Kalamu ya TDS usiitegemee, mkuu. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakadiria chumvi zilizoyeyuka. Basi. Bakteria haiwaoni kabisa. Aseniki, ile sumu inayotoka ardhini, kiwango cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni mikrogramu 10 kwa lita, na kalamu inasoma kwa miligramu. Hata izidi mara tano, namba haitikisiki. Nimewahi kukuta kisima kipo hatua chache tu toka choo cha shimo na mwenyewe anajisifia TDS ndogo! Faida yake naiona moja: ukiijua namba ya kawaida ya kisima chako, siku ikiruka ghafla ujue kuna kitu kimeingia.

Mzee_wa_Busara: Mnatishana bure. Sisi tumekunywa maji ya kisima tangu utotoni na tupo. Chemsha, mambo yaishe.

BiMaabara: Shikamoo mzee. Kuchemsha kunaua vimelea, hapo hatubishani: yakitokota sawasawa dakika moja inatosha, na ukiishi juu ya mita 2,000 acha dakika tatu. Tatizo ni naitreti, ile kemikali inayoingia majini kutoka kwenye mbolea na vyoo. Hiyo haifi kwa moto. Maji yakipungua kwa mvuke yenyewe inabaki sufuriani, kwa hiyo kila lita inakuwa na nyingi zaidi. Kwa mtoto wa maziwa ya kopo ndiyo ya kuogopwa kwanza, maana ikizidi damu yake inashindwa kubeba oksijeni vizuri. Kiwango cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Na haina rangi, haina harufu, haina ladha, kwa hiyo uangavu wa maji usikupe usingizi.

Kisima_Chetu: Marahaba ya mzee nimeipokea mimi 😄 Kwa hiyo vijiti vya rangi je?

BiMaabara: Kwa naitreti, pH na ugumu wa maji vinakupa picha, mradi usome ndani ya muda ulioandikwa na kwenye mwanga wa mchana. Ukichelewa rangi inaendelea kukolea na utajitia hofu. Kwa vijidudu kuna zile chupa za H2S (gesi ya salfa inayotolewa na vijidudu vya kinyesi) zinazogeuka nyeusi. Nazo ni dalili tu, kwani maji yenye salfa ya asili ardhini yanaweza kuzigeuza nyeusi bila kinyesi chochote.

Maabara ndiyo jibu, ila sampuli ichukuliwe vizuri. Tumia chupa ya maabara yenyewe na USIISUUZE, ule ungaunga ndani ni wa kuzima klorini. Kama ni bomba, toa kile kichujio cha mdomoni, pangusa kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika kadhaa. Usiguse ndani ya kifuniko. Weka kwenye barafu, ifike siku hiyohiyo, isizidi saa 24. Sampuli ikishinda juani garini, majibu yatakayotoka ni ya gari.

Nyota_ya_Kusi: Mimi nilinunua chujio la mkaa moja kwa moja bila kupima. Halifai?

FundiPampu: Linafaa kwa harufu na ladha, dada. Naitreti na floraidi zinapita kama kawaida. Hizo zinataka mtambo kama wa osmosisi ya kinyume, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba. Taa ya urujuanimno (UV) inaua vijidudu, ila maji yakiwa na tope vinajificha kwenye kivuli, na yakishatoka hapo hayana kinga, tofauti na klorini. Ndiyo maana nasema pima kwanza.

Kisima_Chetu: Nimeelewa. Nitapeleka maabara. Nisubiri kiangazi maji yatulie?

BiMaabara: Hapana, nenda baada ya mvua kubwa, ndipo uchafu wa juu unaposhuka kisimani. Ila kama umekitia klorini karibuni, subiri iishe kabisa. Mapokezi waambie unataka E. coli (bakteria wa kinyesi), naitreti na floraidi. Wakikuandikia "kolifomu" peke yake, yaani kundi zima la bakteria ambamo E. coli imo, kataa: kolifomu nyingine zinaishi kwenye udongo tu, E. coli ndiyo inayosema kuna kinyesi. Kwa ml 100 isionekane hata moja. Na mtoto asinywe maji hayo mpaka majibu yatoke.