Roboti ikikielekea kinara moja kwa moja, makadirio hupotea: nibadilishe kichujio?

Mwuliza:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Ninaiga kwenye kompyuta roboti inayotembea kwenye uwanda, ambayo kasi na uelekeo wake ninavijua, na kipimo pekee ninachokipata ni umbali wake kutoka kwenye kinara kimoja, yaani alama iliyosimama mahali pamoja. Kichujio cha Kalman (hesabu inayounganisha mwendo unaojulikana na vipimo vyenye kelele, yaani makosa ya nasibu, ili kukadiria hali ya mfumo), kwa toleo lake la mifumo isiyo ya mstari, kinapaswa kukadiria mahali ilipo roboti, yaani x na y. Roboti ikipita kando ya kinara makadirio hutulia, ingawa mara nyingine hutulia mahali pasipo sahihi kabisa. Ikikielekea moja kwa moja, kosa la pembeni halipungui hata baada ya vipimo elfu moja.

Mchangiaji wa kwanza:
Usikibadilishe bado, chunguza kwanza kama vipimo vyako vinatosha kuitambulisha hali ya mfumo, yaani x na y. Katika mifumo ya mstari, jaribio la ranki la Kalman (ranki ni idadi ya pande huru za hali ambazo vipimo vinazifichua) hutoa jibu moja kwa hali zote, lakini katika mfumo kama wako jibu hutegemea mahali ulipo na jinsi unavyoendesha, nao Hermann na Krener walionyesha mwaka 1977 namna ya kulitafuta kwa derivativu za Lie, yaani kasi ya kubadilika kwa kipimo kwa kufuata mwendo. Chukua h iwe nusu ya mraba wa umbali, kinara kikiwa kwenye (0, 0), na kasi ya roboti iwe (u1, u2): gradienti ya h, yaani jinsi inavyobadilika kwa x na kwa y, ni (x, y). Derivativu ya h kwa kufuata mwendo ni x·u1 + y·u2, yenye gradienti (u1, u2). Inayofuata haina x wala y, kwa hiyo haiongezi kitu. Determinanti ya gradienti hizo mbili ni x·u2 − y·u1, nayo huwa sifuri, yaani ranki hupungua chini ya mbili, pale hasa roboti inapokielekea kinara au kukipa mgongo.

Mchangiaji wa pili:
Hesabu ya mwenzangu ni sahihi, ila tusiipe ranki uzito usio wake. Ikitimia, yaani ikiwa mbili, inathibitisha tu kwamba hali yako inatofautishika na zile za jirani. Chora mstari upitao kwenye kinara sambamba na mwendo: roboti iliyo upande wa pili wa mstari huo, kama taswira kwenye kioo, hutoa umbali uleule daima, na huko ndiko makadirio yako yanakotulia kimakosa. Ranki ikipungua nayo, haithibitishi kwamba hali haitambuliki. Kwa vipimo visivyo na kelele, umbali unaopungua kwa kasi ileile ya roboti ungekuambia kwamba inakielekea kinara. Lakini kukengeuka kwa radiani 0.1 hubadilisha kasi hiyo kwa takriban asilimia 0.5 tu, na kelele huimeza tofauti hiyo. Kata kona. Mielekeo miwili isiyo sambamba hutimiza ranki popote, na taswira ya kioo hukosana na vipimo. Anzisha vichujio viwili, kimoja kila upande, kisha uache kile ambacho masalio yake (tofauti kati ya umbali uliopimwa na uliotabiriwa) yanakua baada ya kona.

Mwuliza:
Nawashukuru sana. Nimeikatisha kona ya digrii 30 katikati ya njia, na duaradufu ya mashaka (eneo ambamo kichujio kinadhani roboti ipo), iliyokuwa imerefuka pembeni, imeanza kufupika papo hapo. Kichujio cha upande wa pili nitakiongeza sasa.